Mlinda Mlango Aliyesoma Sheria

Mazungumzo kwa madarasa ya watu wazima

Ninyi mliokaa darasani Kariakoo, Gerezani, Ilala na Kisutu, sogezeni redio karibu ili na walio nyuma wasikie vizuri. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu kwa herufi kubwa: BARAFU, MKATABA, BUNGE. Wanafunzi, yasomeni pamoja, silabi moja moja. BA-RA-FU. M-KA-TA-BA. BU-NGE. Vema. Maneno hayo matatu ndiyo safari yetu ya leo.

Leo nitawaeleza habari za mtu mmoja wa Kanada, jina lake Ken Dryden. Mtu huyu alikuwa mchezaji mashuhuri wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Baadaye akahitimu sheria, kisha akawa Mbunge na Waziri. Huku kwetu Afrika ya Mashariki wako wanamichezo walioingia Bungeni. Kwa mfano, Bwana Wesley Korir wa Kenya alishinda mbio ndefu za Boston mwaka 2012, na mwaka 2013 akachaguliwa kuwa Mbunge wa Cherangany. Lakini mtu aliyesoma sheria huku akicheza, akawa bingwa wa mchezo, halafu akawa Waziri, huyo ni nadra. Kwa hiyo tutakwenda mbali kidogo kumtafuta, kisha tutarudi kwetu Kariakoo na kile tulichokipata.

Kwanza, BARAFU. Sisi wa Dar es Salaam tunaijua barafu ya kuhifadhi samaki kule Feri, na barafu ya kutia katika maji ya matunda wakati wa jua kali. Kwetu barafu ni kitu cha kuyeyuka upesi. Kanada si hivyo. Wakati wa baridi, maji ya mito na maziwa huganda mpaka watu wakaweza kutembea juu yake. Watoto huvaa viatu vilivyofungwa chuma chembamba chenye makali chini yake, wakateleza mbio kuliko mtu anavyoweza kukimbia kwa miguu. Hapo ndipo mchezo huu ulipokulia. Siku hizi huchezwa ndani ya majumba makubwa, na barafu hugandishwa kwa mitambo. Hata Nairobi kiliwahi kufunguliwa kiwanja kidogo cha namna hiyo katika hoteli, na vijana wa Kenya wakaunda timu yao.

Mchezo wenyewe ni huu. Kila upande una watu 6 uwanjani, pamoja na mlinda mlango. Kila mtu ana gongo. Wanachogombania si mpira wa duara. Ni kisahani kigumu cha mpira, kipana kiasi cha sentimita 7 na nusu, na unene wake sentimita 2 na nusu. Kikipigwa kwa nguvu huweza kwenda kilomita 150 kwa saa na zaidi. Goli lake ni dogo: upana wake hauzidi mita 2, na urefu wake kwenda juu ni mita 1 na robo hivi. Fikirini sasa mtu anayesimama mbele ya goli hilo, akakingoja kisahani hicho kwa mwili wake. Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya Ken Dryden.

Alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Hamilton, akakulia Toronto. Kaka yake, Dave, alimzidi umri, naye pia alikuwa mlinda mlango. Baba yao, Mzee Murray Dryden, aliwatengenezea watoto uwanja wa kuchezea nyuma ya nyumba. Mzee huyo na mkewe Margaret, mwaka 1970, walianzisha shirika la kuwapa watoto maskini vitu vya kulalia, kama magodoro na vyandarua. Misaada hiyo imefika nchi nyingi, zikiwamo nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Basi mtoto huyo alilelewa katika nyumba ambayo watu wake waliwafikiria na watoto wa wenzao.

Sasa sikilizeni uamuzi wake wa kwanza. Mwaka 1964, alipokuwa bado hajatimiza miaka 17, klabu za kulipwa zilimchagua. Haki ya kumtumia ikaangukia kwa klabu ya Montreal, mojawapo ya klabu kubwa kabisa za mchezo huo. Kwa kijana wa Kanada, jambo hilo ni kama kijana wa Kariakoo kuitwa na Yanga au Simba. Wengi wangeacha shule siku hiyohiyo. Dryden alisema atasoma kwanza. Akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Cornell, akasoma historia mpaka akapata shahada yake mwaka 1969. Huko hakuacha kucheza. Mwaka 1967 yeye na wenzake walikuwa mabingwa wa vyuo vya Marekani.

Alipomaliza, hakutosheka na shahada moja. Akahamia Montreal ili asome sheria katika Chuo Kikuu cha McGill. Mchana darasani na vitabu vya sheria, jioni mazoezini. Ninyi mnaonisikiliza mnajua maana yake. Wako kati yenu walioamka alfajiri kufungua meza ya biashara, au kupika chapati na maharage, au kubeba mizigo sokoni, na jioni wakaja darasani na macho mazito. Mtu huyo alikuwa na nafasi njema kuliko wengi wetu, maana wazazi wake walijiweza. Lakini uchovu wa mtu anayefanya kazi na kusoma kwa wakati mmoja ni uleule popote.

Mwezi wa Machi 1971 klabu ya Montreal ilimwita katika timu kubwa. Alicheza michezo 6 tu ya ligi, wakashinda yote 6. Mmoja kati ya michezo ya siku hizo ulikuwa wa ajabu: tarehe 20 Machi alisimama katika goli la upande mmoja, na kaka yake Dave katika goli la upande wa pili, akiichezea klabu ya Buffalo. Jambo hilo, ndugu wawili kuwa walinda milango wanaopambana, lilikuwa halijatokea katika ligi hiyo.

Kisha yakaja mashindano ya kombe. Montreal walipangwa na Boston, mabingwa wa mwaka uliotangulia, timu iliyofunga mabao mengi kuliko timu zote. Watu walidhani kijana huyo atafungwa kama mlango usio na komeo. Walicheza michezo 7, na Montreal wakawatoa Boston. Wakaendelea mpaka wakalitwaa kombe, na Dryden akatajwa kuwa mchezaji bora wa mashindano hayo. Mwaka uliofuata, 1972, ndipo alipopewa zawadi ya mchezaji mpya bora. Yaani alikuwa bingwa kwanza, mgeni baadaye! Mwaka huohuo wa 1972 alikuwamo katika timu ya Kanada iliyopambana na timu ya Urusi, michezo 8. Katika mchezo wa mwisho mjini Moscow, Kanada walishinda 6 kwa 5, na bao la ushindi lilifungwa zikiwa zimebaki sekunde 34.

Walipokuwa mpira uko mbali, Dryden alikuwa na desturi ya kusimama wima, ameliegemea gongo lake kwa mikono miwili, kidevu juu, kama mzee aliyesimama shambani na jembe lake. Watu waliipenda picha hiyo. Alikuwa akitazama na kufikiri.

Sasa tufike kwenye neno letu la pili: MKATABA. Mwalimu, waonyeshe neno hilo ubaoni.

Mkataba ni mapatano kati ya watu wawili au zaidi, ambayo sheria inayatambua. Mimi nitafanya hili, wewe utalipa lile, kwa muda fulani. Mwaka 1973 Dryden alikuwa ametoka kulichukua kombe kwa mara ya pili, na amepewa zawadi ya mlinda mlango bora. Mwaka huohuo alipata shahada yake ya sheria. Lakini yeye na klabu yake hawakupatana juu ya malipo. Yeye aliona anacholipwa hakilingani na kazi yake. Klabu haikukubali.

Alifanya nini? Hakutukana mtu, wala hakukimbia usiku. Aliuacha mchezo kwa mwaka mzima, akaenda Toronto kufanya kazi katika ofisi ya mawakili, kama mwanagenzi wa sheria. Huko malipo yake yalikuwa madogo sana kuliko ya uwanjani. Watu walimshangaa. Bingwa wa nchi amekaa mezani anapanga makaratasi! Lakini yeye alikuwa akitimiza mafunzo ya kazi ambayo kila mwanasheria wa huko hana budi kuyapitia. Msimu huo Montreal walitolewa mapema katika mashindano, na kombe likaenda kwa watu wengine. Mwaka 1974 klabu na Dryden walipatana, akarudi goli kwake na malipo mema zaidi. Kisha wakalichukua kombe mwaka 1976, 1977, 1978 na 1979. Ukijumlisha na yale mawili ya kwanza, ni makombe 6.

Ndugu zangu, hapa pana jambo la kufikiri. Dryden aliweza kusema "hapana" kwa sababu alikuwa na mambo mawili. Kwanza, aliyaelewa maandishi aliyowekewa mbele yake. Pili, alikuwa na kazi nyingine mkononi. Asiye na moja kati ya hayo mawili hubanwa, akatia sahihi tu.

Twende Mtaa wa Kongo, au Msimbazi, au Aggrey. Mtu anatafuta fremu ya kufanyia biashara. Anaambiwa alipe kodi ya miezi kadhaa mbele, pengine na kilemba juu yake. Analetewa karatasi ya mapatano. Maandishi ni madogo, na mwenye nyumba ana haraka. Mtu huyu, kwa kuona haya kusema kwamba hasomi vizuri, anatia dole gumba. Baada ya miezi sita anaambiwa atoke. Anauliza, "Kwa sababu gani?" Anaonyeshwa mstari katika karatasi. Mstari huo ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye hakuuona.

Basi yashikeni haya manne. La kwanza: usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi usiyoisoma au usiyosomewa na mtu unayemwamini wewe, si mtu aliyeletwa na mwenzako. La pili: tafuta kiasi cha fedha, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, na namna ya kuvunja mapatano. La tatu: ukilipa fedha, dai risiti, na jina lako liandikwe sawasawa. La nne: dai nakala yako, uiweke mahali pakavu na salama. Mambo haya hayataki shahada ya McGill. Yanataka mtu awezaye kusoma tarakimu na maneno ya kawaida, na asiyeona haya kusema, "Ngoja kwanza nisome."

Tena najua kwamba si kila mtu anaweza kuacha kazi mwaka mzima kama Dryden. Mchukuzi akikosa kazi siku moja, watoto hulala na njaa. Lakini hata kungoja mpaka kesho asubuhi, ukaipeleka karatasi kwa mwalimu wako, ni nguvu. Wengi waliodhulumiwa walidhulumiwa katika ile nusu saa ya haraka.

Tuendelee. Mwaka 1979 Dryden aliacha kucheza, akiwa na umri wa miaka 31 tu. Alikuwa amecheza michezo 397 ya ligi. Alishinda 258 na kushindwa 57 tu, na katika michezo 46 hakufungwa hata bao moja. Wengine wangeng'ang'ania mpaka watu wawazomee. Yeye alitoka angali na heshima, kwa sababu alikuwa na mahali pa kwenda. Aliandika kitabu juu ya mchezo wake, kilichotoka mwaka 1983, na watu wengi wanakihesabu kuwa miongoni mwa vitabu bora vya michezo. Alifanya kazi ya serikali ya jimbo la Ontario juu ya mambo ya vijana. Baadaye akawa rais wa klabu ya Toronto.

Neno letu la tatu: BUNGE. Mwezi wa Juni 2004, Dryden alichaguliwa kuwa Mbunge wa York Centre, Toronto, kwa chama cha Liberal. Katika uchaguzi huohuo, katika mji huohuo na kwa chama hichohicho, alichaguliwa pia Bibi Yasmin Ratansi, mzaliwa wa Tanganyika. Mwezi wa Julai, Waziri Mkuu Paul Martin alimpa Dryden kazi ya Waziri wa Maendeleo ya Jamii.

Kazi yake kubwa ilikuwa malezi ya watoto wadogo. Wazazi wengi wa Kanada, baba na mama, hufanya kazi nje ya nyumba. Nani atamlea mtoto? Kina mama mnaouza chakula Kariakoo mnalijua swali hilo. Wengine wenu mmekuja darasani sasa hivi na mtoto mgongoni, na mwingine anacheza chini ya benchi. Serikali ya Kanada ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka 5, ili pawepo mahali pengi pazuri pa kulelea watoto na kuwafundisha. Lakini Kanada ina majimbo 10, na kila jimbo lina serikali yake. Dryden ilimbidi azungumze na majimbo yote, moja baada ya jingine. Mwishoni mwa mwaka 2005 alikuwa amepata mapatano na yote 10.

Kisha ikawaje? Tarehe 28 Novemba 2005 Bunge lilipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali. Uchaguzi ukafanywa mwezi wa Januari 2006, na chama kingine kikashinda. Serikali mpya iliyavunja mapatano yale. Badala yake ikawapa wazazi dola 100 kila mwezi kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 6, wazitumie wapendavyo. Dryden alibaki Bungeni, lakini si Waziri tena. Alijaribu kuwa kiongozi wa chama chake mwaka 2006, hakupata. Mwaka 2011 akashindwa katika jimbo lake la uchaguzi, akaondoka Bungeni.

Je, kazi yake ilipotea bure? Mwaka 2021 serikali ya Kanada ilitenga tena fedha, safari hii kama dola bilioni 30 kwa miaka 5, kwa jambo lilelile la malezi ya watoto. Ilipofika mwaka 2022 majimbo yote yalikuwa yamekwisha patana nayo. Dryden aliyaona hayo angali hai. Alifariki dunia tarehe 5 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka 78. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka 2 mwaka 2006 alikuwa na miaka 17 mwaka 2021. Huyo hakungojewa. Ndiyo maana kura ni jambo zito. Mkataba wa fremu unakuhusu wewe na mwenye nyumba. Mapatano ya serikali yanawahusu watoto wasioweza kupiga kura.

Ndugu wasikilizaji, sikuwaambia habari hizi ili mkajifunze kuteleza juu ya barafu. Hapa kwetu ingeyeyuka kabla hamjavaa viatu! Nimewaambia ili muone kwamba mikono inayokamata gongo, au mkokoteni, au mwiko, inaweza pia kukamata kalamu. Kazi moja haiizuii nyingine. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ninyi mmekwisha kuinama, maana mko darasani. Endeleeni.

Sasa mwalimu atawaongoza katika kazi iliyo hapa chini. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mkataba: mapatano yanayotambuliwa na sheria.
Nakala: karatasi ya pili yenye maneno yaleyale.
Mwanagenzi: mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya chini ya mwenye ujuzi.
Kilemba: fedha anazotozwa mpangaji zaidi ya kodi ili apewe mahali.
Waziri: mtu aliyepewa kuongoza idara kubwa ya serikali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Dryden aliweza kuikataa fedha ya klabu yake mwaka 1973? Taja sababu mbili.
2. Mambo gani manne tumeambiwa tuyatazame kabla na baada ya kutia sahihi?
3. Serikali moja ya Kanada ilitaka kujenga mahali pa kulelea watoto. Nyingine iliwapa wazazi fedha mkononi. Kila upande una hoja zake. Wewe ungechagua lipi kwa mtaa wako, na kwa nini?
4. Hesabu: mzazi akipata dola 100 kila mwezi, atapata kiasi gani kwa mwaka mmoja? Akiwa na watoto wawili, je?

KAZI YA WIKI

Kila mwanafunzi alete karatasi moja ya nyumbani kwake: risiti, karatasi ya kodi au barua ya kazi. Funika mambo ya siri. Asome mbele ya mwenzake tarehe, jina na kiasi cha fedha. Asiyeweza kusoma yote asome tarehe tu. Wiki ijayo atasoma na jina.